Kuuma kwa Dawa si Kuponya: Maneno juu ya Yodi na Vidonda

Labda nyumbani mwako iko chupa ndogo ya dawa yenye rangi ya kahawia, ile inayopaka vidole na nguo hata sabuni inashindwa kuitoa upesi. Watu wengine wanaiita yodi, wengine iodini, na wengine wanaiita Betadine kwa jina lililoandikwa juu ya chupa. Ni dawa nzuri. Wanganga wanaitumia kila siku mbele ya kupasua mugonjwa, na nyumbani inafaa kwa mikwaruzo na vidonda vidogo. Lakini dawa nzuri ikitumiwa vibaya inaweza kuunguza ngozi, kukawisha kidonda na kumuumiza mutoto muchanga. Zaidi ya hayo, inaweza kumudanganya mutu akae nyumbani wakati anapaswa kukimbia hospitali. Basi tusome pamoja, pole pole, tujue kazi ya dawa hii na mupaka wake.

Kati yetu kuna neno moja linalosemwa mara nyingi: dawa ikiuma sana, ndiyo inafanya kazi. Mutoto akilia wakati wa kupakwa dawa, wazazi wanafurahi na kusema, "Vijidudu vinakufa sasa." Neno hilo si kweli. Uchungu ule hauonyeshi kwamba vijidudu vinakufa. Unaonyesha tu kwamba dawa kali, na mara nyingi alkoli iliyo ndani yake, imegusa nyama mbichi ya kidonda. Kuna dawa zinazouma sana na kuharibu, na kuna maji safi yasiyouma hata kidogo na yanafanya kazi kubwa kuliko dawa. Shika neno hili moja katika mafundisho haya yote: kuuma si kuponya.

YODI NI KITU GANI?

Mwaka 1811, katika inchi ya Ufaransa, Bernard Courtois alikuwa anafanya kazi na majivu ya majani ya baharini. Aliona mvuke wa rangi ya zambarau unapanda, na ulipopoa uligeuka kuwa vipande vidogo vyeusi vyenye kung'aa. Kitu hicho ndicho yodi. Jina lake linatoka katika neno la Kiyunani la rangi ile ya zambarau.

Wanganga walianza kuiyeyusha ndani ya alkoli, wakapata dawa ya kupaka. Mwaka 1908 munganga mupasuaji Antonio Grossich, katika muji wa Fiume, alitangaza namna ya kupaka yodi juu ya ngozi mbele ya kupasua, na wapasuaji katika inchi nyingi wakaifuata. Lakini dawa ile ya alkoli ilikuwa na ukali. Iliuma, na ngozi za wengine zilitoka malengelenge. Mwaka 1955, katika Marekani, watu wawili wenye jina la Shelanski walitengeneza namna ingine inayoitwa povidoni-yodi. Ndani yake yodi imefungwa pamoja na kitu kinachoiachilia kidogo kidogo, kama mufuko wa chumvi wenye tundu ndogo. Kwa sababu hiyo haiumi sana, wala haiunguzi upesi.

Basi, mbele ya kutumia chupa yako, soma maandiko yake ao umupe mutu anayejua kusoma akusomee. Utakuta moja ya namna hizi tatu.

Ya kwanza ni yodi ndani ya alkoli. Inanuka alkoli, inauma, na inawaka moto upesi. Hiyo ni ya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Usiitie ndani ya nyama.

Ya pili ni povidoni-yodi ya maji, na juu ya chupa wameandika mara nyingi 10%. Hiyo inafaa kwa ngozi na kwa vidonda vidogo.

Ya tatu ni povidoni-yodi yenye sabuni, inayotoa povu. Hiyo ni ya kuosha mikono na ngozi nzima, halafu kuisuuza kwa maji. Sabuni yake si ya kuacha ndani ya kidonda.

Chupa hizi zinafanana sana. Usiseme, "Yote ni yodi." Munganga naye anasoma kwanza.

JARIBU BUGALI

Unaweza kujionea kwa macho yako namna yodi inavyofanya. Chukua kipande kidogo cha bugali wa muhogo, ukiweke juu ya jani, utie tone moja la yodi. Rangi ya kahawia itageuka upesi kuwa bluu nyeusi. Yodi imeshikana na unga. Halafu utupe kipande kile mbali, mutoto asikile wala kuku.

Jaribio hili linatufundisha kwamba yodi ni dawa inayoshikana upesi na vitu inavyokutana navyo. Katika kidonda kichafu inakutana na nini? Inakutana na damu, usaha, udongo na nyama iliyokufa. Inashikana na vitu hivyo, nguvu zake zinakwisha pale, na vijidudu vilivyojificha chini vinabaki salama. Ukiona rangi ya kahawia imepotea juu ya kidonda, ujue kwamba yodi imemaliza kazi yake.

Ndiyo sababu mutu anayemwaga nusu chupa ya yodi juu ya kidonda chenye udongo anapoteza pesa zake. Maji safi na sabuni yanaondoa udongo pamoja na vijidudu vyake. Yodi inakuja nyuma, kumaliza vilivyobaki.

MOTO WA SHAMBA

Ninyi mulimao munajua kazi ya moto. Mbele ya kupanda, mutu anachoma majani makavu, na shamba linakuwa wazi. Lakini ni nani anayerudi kuchoma shamba wakati mahindi yamekwisha kuota? Moto haujui kuchagua kati ya magugu na mahindi. Unakula yote.

Yodi nayo haijui kuchagua. Inaua vijidudu, lakini ikiwa kali ao ikitiwa tena na tena, inaumiza pia nyama mupya inayoota ndani ya kidonda. Nyama hiyo ni laini, ni nyekundu, inang'aa, tena ikiguswa inatoa damu kidogo. Watu wengine wakiiona wanaogopa, wanadhani ni ugonjwa, wanaimwagia yodi kila asubuhi na kila jioni. Halafu wanashangaa kwa nini kidonda hakifungi hata mwezi unakwisha. Wao wenyewe wanachoma mahindi yao.

Kumbuka vema: yodi haioteshi nyama. Mwili ndio unaootesha nyama, kwa nguvu alizoupa Muumba, kwa chakula, kwa pumziko na kwa usafi. Mutu mwenye kidonda anahitaji maharagi, mayai, samaki, sombe na matunda kuliko chupa ya pili ya dawa. Kazi ya yodi ni kufukuza adui mwanzoni. Kidonda kikiwa safi na chekundu, maji safi na kitambaa safi vinatosha.

NAMNA YA KUTUNZA KIDONDA KIDOGO

Fuata njia hii, bila kuruka hata hatua moja.

1. Nawa mikono yako kwa maji na sabuni. Mikono michafu inapanda vijidudu kuliko jembe.

2. Kama damu inatoka, bonyeza juu ya kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia, dakika 10. Usifungue kila mara kutazama.

3. Osha kidonda kwa maji mengi safi. Kama maji yako ni ya muto ao ya kisima kisichofunikwa, uyachemshe kwanza, uyaache yapoe. Mwaga maji hata udongo na muchanga vitoke. Sabuni uitumie juu ya ngozi ya kandokando.

4. Kausha ngozi ya kandokando kwa kitambaa safi.

5. Tia povidoni-yodi kidogo juu ya kitambaa safi. Paka kutoka kidonda kwenda inje, usirudi nyuma na kitambaa kile kile, sababu utarudisha uchafu.

6. Ngoja dakika 2, ikauke yenyewe. Usipulize kwa kinywa, sababu kinywa kina vijidudu vingi. Yodi inahitaji wakati kuua vijidudu.

7. Funika kwa kitambaa safi, bila kukaza sana. Kama ulipaka yodi ya alkoli juu ya ngozi nzima, usiifunge mbele haijakauka, wala usiache maji yake yakae chini ya mugongo ao katikati ya vidole. Yodi inayofungiwa mbichi juu ya ngozi inaiunguza kama moto.

8. Badilisha kitambaa kila siku, ao upesi zaidi kikilowa ao kikichafuka. Kila mara tazama kidonda. Kikiwa safi, acha yodi.

Tena usichanganye yodi na dawa ingine. Watu wengine wanapaka yodi asubuhi, dawa nyekundu muchana, na jioni unga wa vidonge. Dawa nyekundu ya zamani inayoitwa merkurokromu ina zebaki ndani yake, na zebaki ikikutana na yodi inazaa sumu inayokula nyama. Klorheksidini nayo haipatani na yodi. Chagua dawa moja, uifuate.

MUFANO WA NDUGU WAWILI

Tuseme ndugu wawili wanalima pamoja, na siku moja kila mumoja anajikata kwa jembe, kidonda kidogo juu ya muguu.

Wa kwanza anafika nyumbani, anakuta yodi ya alkoli. Muguu una udongo, lakini yeye anamwaga dawa juu yake. Inamuuma sana, naye anasema, "Imeingia vema." Anafunga kwa kitambaa cha kupangusia meza. Kila siku anamwaga tena. Siku ya 5 ngozi ya kandokando imetoka malengelenge, kidonda kinanuka, na chini ya ganda kuna usaha. Siku ya 7 ana homa, na tezi za paja zimevimba.

Wa pili anaketi karibu na chungu cha maji yaliyochemka. Muke wake ananawa mikono, anamwaga maji juu ya kidonda hata muchanga wote unatoka. Haiumi sana. Anapaka povidoni-yodi kidogo, anangoja, anafunga kwa kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani. Kesho yake anakwenda kituo cha afya kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda. Siku ya 3 kidonda ni safi, wanaacha yodi. Siku ya 10 anarudi shamba.

Wote wawili walikuwa na dawa. Aliyesikia uchungu mwingi si yeye aliyepona upesi.

WATU WASIOPASWA KUPAKWA YODI BILA SHAURI LA MUNGANGA

Ndani ya shingo ya kila mutu kuna tezi ndogo yenye mufano wa kipepeo. Tezi hiyo inatumia yodi ya chakula kutengeneza maji ya mwili yanayosaidia ukubwa wa mutoto na akili yake. Ikikosa yodi, inavimba na kuwa rovu. Katika miaka ya 1960 wanganga wachunguzi walikwenda katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, wakakuta watu wengi sana wenye rovu. Yodi ilikosekana katika chakula cha kule, na muhogo usiotengenezwa vema uliongeza shida. Kwa hiyo tunafundisha kila nyumba kununua chumvi yenye yodi.

Lakini hapa watu wengine wanapotea. Wanasema, "Kama yodi ni nzuri kwa shingo, nitakunywa ile ya chupa, ao nitaipaka juu ya rovu kila siku." Hapana! Mutu muzima anahitaji mikrogramu 150 za yodi kwa siku moja, ni kiasi kidogo kabisa kisichoonekana kwa macho. Mililita 1 ya povidoni-yodi ya 10%, yaani karibu matone 20, ina yodi mikrogramu 10 000. Hiyo ni ya siku zaidi ya 60! Yodi nyingi namna hiyo inaweza kuvuruga tezi ya shingo, ama kuifanya isimame, ama kuifanya ikimbie kupita kiasi. Yodi ya chumvi ni ya kula, yodi ya chupa ni ya kupaka. Usizichanganye hata siku moja.

Basi tazama watu hawa.

Mutoto muchanga, hasa katika mwezi wa kwanza, na zaidi aliyezaliwa mbele ya wakati. Ngozi yake ni nyembamba, na yodi inapita ndani ya damu yake, inaweza kuzuia tezi yake wakati ule ule akili yake inapohitaji kukua. Wewe mama, na wewe nyanya unayemusaidia binti yako: musipake yodi juu ya kitovu cha mutoto. Kitovu kinataka kuwa safi na kikavu. Musitie pia majivu, wala mafuta, wala samadi, wala dawa ya majani. Kwa mahali ambapo watu wana desturi ya kutia vitu vibaya, Shirika la Afya la Dunia (OMS) linashauri klorheksidini ya kitovu katika juma la kwanza. Uliza muzalishaji wako.

Mwanamuke mwenye mimba na mama anayenyonyesha. Yodi nyingi inayopakwa mara nyingi inapita kwa mutoto, kwa damu ao kwa maziwa. Kwa mukwaruzo mumoja mudogo, maji na sabuni vinatosha.

Mutu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, na mutu mwenye ugonjwa wa figo. Waambie wanganga habari zako mbele ya kupakwa.

Mutu ambaye ngozi yake inawasha, inavimba ao kutoka vipele kila mara anapopakwa yodi. Asijilazimishe. Dawa zingine ziko.

MUSAMARIA HAKUISHIA NJIANI

Ninyi munaosoma Maandiko munakumbuka habari ya Musamaria aliyemukuta mutu amepigwa na wanyanganyi. Alitia mafuta na divai katika vidonda vyake, akavifunga. Lakini hakusema, "Nimekwisha kutia dawa, sasa ulale hapa." Alimupandisha juu ya nyama wake wa kupanda, akamupeleka nyumba ya wageni, akalipa pesa ili atunzwe. Dawa ya njiani ilikuwa mwanzo wa musaada tu.

Vivyo hivyo yodi yako ni mwanzo. Kuna vidonda vinavyohitaji zaidi, na hapa ndipo watu wanapokufa, si kwa kukosa yodi, lakini kwa kuitumaini kupita kiasi.

Musumari, muiba na kidonda chenye udongo ao samadi. Vijidudu vya pepopunda, wengine wanasema tetanosi, vinakaa katika udongo na katika mavi ya nyama. Tundu la musumari ni jembamba na refu, yodi haifiki chini. Juu unaona kidonda kimefunga, lakini ndani vijidudu vinatengeneza sumu. Nyuma ya siku kadhaa ao majuma mawili matatu, taya linakaza na mugongo unapindika. Chanjo ndiyo ngao. Osha kidonda, halafu ukwende kituo cha afya ukaulize kama chanjo yako inatosha.

Kuumwa na mbwa ao nyama mwingine. Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana katika mutu, karibu kila mara anakufa. Lakini mbele hakijaonekana, kuna njia ya kuokoka. Osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, ufuate saa, usikisie. Nyuma ya hayo paka povidoni-yodi, maana inaua vijidudu vya ugonjwa huu vilivyobaki juu. Halafu ukwende siku ile ile kutafuta chanjo, hata kama kidonda ni kidogo kama kucha, hata kama mbwa ni wa jirani. Mutu anayepaka yodi na kulala nyumbani ameacha kazi katikati.

Kuumwa na nyoka. Yodi haishindi sumu ya nyoka. Usikate, usinyonye, usikaze kamba. Mulaze mutu, muguu ao mukono usitikisike, mumubebe upesi kwenda hospitali.

Kuungua kwa moto ao kwa maji ya moto. Usipake yodi, wala dawa ya meno, wala mafuta, wala chumvi. Mwagia maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Ngozi iliyoungua mahali pakubwa inakunywa yodi kama udongo mukavu unavyokunywa mvua, na yote inaingia katika damu. Funika kwa kitambaa safi, ukwende kwa munganga.

Kidonda kirefu, ambapo unaona mafuta ao mufupa, ao vidole haviwezi kukunjika, ao damu haisimami. Bonyeza, funika, peleka.

Kidonda kinachoanza kuvimba, kuwa na moto, kutoa usaha ao harufu, chenye mistari myekundu inayopanda, ao mutu akiwa na homa. Vijidudu vimekwisha kuingia ndani ya mwili. Hapo dawa ya kupaka haivifikii tena.

Na mwisho, kidonda kisichouma. Tumesema kwamba kuuma si kuponya, lakini tuseme na hili: kutouma si afya. Ukiona kidonda chini ya muguu wako, nawe husikii kitu, pengine mishipa ya kusikia imeharibika kwa ukoma ao kwa ugonjwa wa sukari. Ao ukiona kidonda kinakaa majuma 3 bila kufunga, usinunue chupa ingine. Uje tukione.

CHUPA YENYEWE

Watu wengi wanadhani kwamba chupa ya dawa ya kuua vijidudu haiwezi kuwa na vijidudu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Marekani, wachunguzi walikuta vijidudu hai ndani ya chupa za povidoni-yodi. Kama ni hivyo kwa chupa zilizotoka kiwandani, je, chupa yako inayofunguliwa kwa mikono michafu?

Usichovye pamba wala kitambaa ndani ya chupa. Mwaga kidogo inje, na kilichobaki usikirudishe. Usiongeze maji ndani ili dawa iwe nyingi. Kwa vidonda vikubwa wanganga wana kipimo chao cha kuchanganya na maji maalumu, na wanachanganya wakati ule wa kutumia tu. Usinunue yodi iliyomiminwa katika chupa ya limonade, sababu huwezi kujua nguvu yake wala siku yake ya mwisho, na mutoto mwenye kiu hawezi kujua kwamba si kinywaji.

Weka chupa juu, mahali ambapo mutoto hafiki, mbali na jua, na ile ya alkoli mbali na moto na taa. Kama mutoto amekunywa, usimutapishe. Mupeleke hospitali upesi, na uchukue chupa pamoja naye, ili wanganga waone ni dawa gani. Kama imeingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi, kisha uje.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Soma mafundisho haya pamoja na watu wa nyumba yako, halafu muulizane maneno haya.

1. Chupa ya nyumba yetu ni ya namna gani kati ya zile tatu?

2. Kwa nini maji na sabuni vinatangulia, na yodi inafuata?

3. Nyama nyekundu na safi ikionekana katika kidonda, tufanye nini na yodi?

4. Ni nani katika nyumba yetu asiyepaswa kupakwa yodi?

5. Mbwa akimuuma mutoto leo jioni, tutaosha dakika ngapi, na nani atamupeleka kutafuta chanjo?

6. Chupa yetu imewekwa wapi? Kama mutoto anaweza kuifikia, simama sasa, uihamishe, mbele ya kufunga kitabu hiki.